Mnaoogopa kubadilishiwa goti: kisu ni saa moja na nusu, kazi yenyewe ni wiki 6 zinazofuata

Mwalimu Mstaafu

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo. Nimesoma maswali ya watu wenye magoti yaliyosagika kwa muda mrefu bila kuandika kitu, kwa sababu nilitaka kwanza nivuke mwaka nione mwisho wa habari yangu. Sasa imepita miezi 14 tangu nibadilishiwe goti la kulia. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nina miaka 64. Nimefundisha miaka 35, na kazi yetu ni ya kusimama. Goti lilianza kulalamika nikiwa na 52. Nikiamka asubuhi linakaza, nikitembea dakika kumi linaachia. Baadaye kushuka ngazi kukawa kugumu kuliko kupanda. Nilipofika 58 mguu ulikuwa umeanza kufanya tege, goti linatoka nje kama upinde. Mwisho maumivu yakaanza kunifuata kitandani, nimelala, sijabeba kitu, sijatembea popote, na bado goti linauma kama jino.

Picha ya eksirei nilipigwa nikiwa nimesimama. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ukipigwa umelala uzito hauko juu ya goti, na nafasi kati ya mifupa inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwangu, upande wa ndani, nafasi haikuwepo kabisa. Mfupa wa paja ulikuwa umekalia mfupa wa muundi bila kitu katikati. Gegedu, ile tabaka nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikilika haioti tena kama kidonda cha ngozi kinavyopona.

Sasa, watu husema "kubadilishiwa goti" ukadhani goti zima linang'olewa na kuwekwa jingine. Sivyo. Mmewahi kumtazama fundi viatu akishughulikia kisigino kilicholika upande mmoja? Hatupi kiatu. Anakwangua palipolika, anasawazisha, anapaka gundi, anabandika soli mpya. Daktari wa mifupa hufanya kitu cha namna hiyo. Hukata milimita chache za ncha ya mfupa wa paja na za juu ya muundi, huvisha huku chuma cha mchanganyiko wa kobalti na kromi, huku sahani ambayo mara nyingi ni ya titani, na katikati huweka kipande cha plastiki ngumu, polietilini, kiwe badala ya gegedu. Kwa wengi hubandikwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Kile kifupa cha mviringo cha mbele, pia ya goti, wakati mwingine huvishwa plastiki upande wa nyuma, wakati mwingine huachwa. Misuli ni yako, mishipa ya pembeni inayofunga mifupa pamoja ni yako, ngozi ni yako. Na hapa ndipo penye habari yote ninayotaka kuwaambia: kiatu kimebandikwa soli mpya, lakini mguu utakaokivaa ni uleule uliochechemea miaka kumi.

Niliambiwa na watu wengi, wengine wataalamu, "subiri mpaka ushindwe kabisa." Nikasubiri miaka mitano. Katika miaka hiyo nilipoteza vitu viwili ambavyo chuma hakirudishi. Cha kwanza ni kunyoosha. Goti langu lilikuwa halinyooki sawasawa tena, lilibaki limepinda kidogo hata nikilala chali. Cha pili ni msuli wa mbele ya paja, ambao ulikuwa umenywea mpaka paja la kulia likawa jembamba kuliko la kushoto. Ningerudi nyuma, nisingekimbilia kisu, lakini nisingekaa kitako pia.

Upasuaji wenyewe siusemi sana. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka sikusikia maumivu. Nilisikia nyundo na msumeno, nikaomba wanipe dawa ya kusinzia, wakanipa. Saa moja na nusu. Asubuhi yake nilisimama nikishika woka nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nikalia, na yalikuwa machozi ya furaha, kwa sababu lile jino lililokuwa linauma ndani ya goti halikuwepo. Maumivu ya kidonda yalikuwepo, makali, ila yalikuwa ya aina nyingine kabisa.

Siku ya nne nikaruhusiwa. Nilipewa karatasi ya dawa, tarehe ya kutolewa nyuzi, na mtu akaniambia "ufanye mazoezi." Mazoezi gani, mara ngapi, kwa uchungu kiasi gani, hakuna aliyenieleza. Hospitali siitaji, wala sisemi walikuwa watu wabaya, kidonda kilishonwa vizuri mno. Lakini kosa hilo karibu linigharimu goti.

Nyumbani nikafanya kile ambacho kila mtu mwenye goti linalouma hufanya. Nikaweka mto chini ya goti. Ah, raha yake! Goti likipinda kidogo, maumivu yanatulia, usingizi unakuja. Wanangu walinihudumia kama malkia, maji naletewa, simu naletewa, siinuki. Wiki ya tatu nikaenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo, akanilaza, akachukua kipimo chake. Kukunja, digrii 70. Kunyoosha, zimebaki digrii 15 kufika sawa. Akaweka kipimo chini akaniuliza, "Mama, unalalia mto?" Nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba ndani ya goti lililopasuliwa kovu linajengwa kila siku, na linajengeka kwa umbo ambalo goti limekaa muda mrefu. Mto ulikuwa unanisaidia kutengeneza goti lililopinda.

Kuanzia siku hiyo mpaka wiki ya sita na kuendelea, nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya darasani. Mara nne kwa siku. Nusu saa kabla nameza dawa ya maumivu, kwa sababu mazoezi bila dawa unajidanganya tu, unakunja kidogo ukisikia moto unaacha. Nakaa kitandani, nateleza kisigino kuja kwenye makalio kwa kuvuta shuka niliyoizungusha kwenye unyayo, nahesabu mpaka kumi, naachia. Nakaza paja, nabana goti lishuke kwenye godoro, nahesabu. Nanyanyua mguu ukiwa umenyooka. Nikimaliza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 au 20, mguu ukiwa juu kuliko moyo. Usiku, saa nane saa tisa, ndizo saa mbaya kuliko zote. Nadhani kila aliyepita njia hii anazijua. Wiki ya nne nilimwambia binti yangu najuta kwa nini nilikubali. Mtu anayepita hapo ajue kwamba majuto ya wiki ya nne huwapata wengi na hayasemi lolote kuhusu mwisho.

Mwisho wa wiki ya sita nilikuwa nakunja 105, kunyoosha zimebaki 3. Leo nakunja 118. Napanda ngazi mguu baada ya mguu. Nalala usiku kucha. Upande wa nje wa kovu kuna ngozi yenye ganzi, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kwa sababu vijineva vya ngozi hukatwa pale, na nimeizoea. Goti hutoa mlio, chuma kikigusa plastiki, hakiumi. Kupiga magoti sakafuni naweza kwa mto, sipendi. Kuchuchumaa mpaka chini siwezi, na sidhani nitaweza.

Ulizeni.

Kitindamimba

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma uzi mara mbili, nimemsomea na baba. Ana miaka 71, magoti yote mawili, la kushoto baya zaidi. Ana kisukari na uzito mkubwa. Kaka zangu wanasema umri umekwenda, mwacheni mzee, goti la bandia lenyewe linakaa miaka 10 tu. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja, namsikia usiku. Je, ni kweli miaka 10?

Mnyoosha Viungo

Mama Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Nimefanya kazi hii miaka 18 na hadithi ya mto nakutana nayo karibu kila wiki.

Niongeze kitu kimoja ambacho watu hawakipi uzito. Kila mgonjwa ananiuliza "nimekunja ngapi?" Hakuna anayeniuliza "nimenyoosha ngapi?" Jaribuni sasa hivi kusimama magoti yakiwa yamepinda kidogo, mkae hivyo dakika mbili. Paja linaungua, si ndiyo? Goti likinyooka kabisa, mifupa inabeba uzito na msuli unapumzika. Lisiponyooka, msuli wa paja unafanya kazi kila sekunde umesimama, na mguu unakuwa kama mfupi, unachechemea, mgongo nao unaanza. Kukunja kunakuwezesha kukaa na kupanda. Digrii 90 kwa kiti cha kawaida, kuzidi kidogo kwa ngazi. Kunyoosha ndiko kunakokuwezesha kutembea.

Jambo la pili, msuli wa paja hulala baada ya upasuaji. Hauko umekatika. Goti likijaa maji na uvimbe, neva zinazuia msuli kukaza, kama mwili unalilinda. Ndiyo maana mtu anaamuru mguu unyanyuke na haunyanyuki, anaogopa amepooza. Unaamshwa kwa kuukaza mara nyingi kwa siku. Na ukienda kwenye kisu ukiwa na paja lenye nguvu, msuli unaamka mapema. Wagonjwa wangu ninawaanzisha wiki 6 hadi 8 kabla ikiwezekana: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kwa mikono, kunyoosha, kutembea.

Subira Njema

Mimi nitasema upande wa pili kwa sababu kila mtu hapa anapongeza. Mume wangu alibadilishiwa goti mwaka wa tatu sasa. Kidonda kilipona, picha wanasema nzuri, chuma kiko mahali pake. Na bado anaumwa. Si kama zamani, lakini anaumwa, na ameacha kuamini kwamba kuna atakayemsikiliza. Tukienda kliniki tunaambiwa "goti lako ni zuri sana." Goti zuri la nani? Watu waambiwe na hili kabla ya kusaini.

Mwalimu Mstaafu

Dada Subira, pole sana, na pole umfikishie yeye. Ulichosema ni kweli na nilipaswa kukiandika juu. Tafiti nyingi zinakuja na jibu linalofanana: takriban mtu 1 kati ya 5 aliyebadilishiwa goti husema hakuridhika. Hilo ni kundi kubwa, lingeweza kuwa mimi.

Niliuliza sababu kabla sijakubali, nikaambiwa ni kadhaa. Maambukizi ya polepole yasiyotoa homa, yanayojificha ndani bila kidonda kuonyesha kitu. Chuma kulegea. Mishipa ya pembeni kuachwa mmoja umekaza, mwingine umelegea. Na kuna moja iliyonishangaza: nyonga. Nyonga iliyosagika inaweza kuleta maumivu kwenye goti, kwa sababu neva zake zinapita njia moja. Mtu anabadilishiwa goti ambalo halikuwa na kosa kubwa, maumivu yanabaki palepale. Mgongo pia. Je, mumeo amepigwa picha ya nyonga? Amewahi kutolewa maji ya goti yakapimwa? Kama hajapimwa, siyo sahihi kuambiwa goti ni zuri. Tafuteni daktari mwingine wa mifupa, si kwa ugomvi, kwa kuanza upya.

Mwanangu Kitindamimba, marahaba. Mwambie baba mimi ndiye mdogo kwake, kwa hiyo shikamoo baba. Miaka 10 ni habari ya zamani. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za watu waliobadilishiwa magoti, na takriban magoti 82 kati ya 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Na umri wa baba, kwa hili, unamsaidia. Utafiti mwingine wa jarida hilohilo, wa 2017, ulionyesha kwamba aliyefanyiwa akiwa na miaka 70 na zaidi ana uwezekano wa takriban 5 kwa 100 wa kurudiwa upasuaji maishani mwake. Kwa wanaume wa miaka ya hamsini mwanzoni uwezekano huo ulifika hadi 35 kwa 100. Kwa hiyo anayepaswa kufikiri sana juu ya kudumu kwa chuma ni kijana kuliko baba yako.

Baba yeye afikirie sukari. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita, madaktari wengi wanataka kiwe chini ya 8, wengine 7.5, ndipo wampange. Sukari ikiwa juu kidonda hakiponi vizuri na vijidudu vinapata mwanya. Maambukizi kwenye goti la bandia hutokea kwa mtu 1 au 2 kati ya 100, lakini yakitokea ni balaa. Pengine chuma kinatolewa chote, mtu anakaa wiki kadhaa na saruji yenye dawa badala yake, kisha anapasuliwa tena. Meno mabovu yatibiwe kabla. Kidonda chochote cha mguu, hata cha kati ya vidole, kipone kabla. Na kama amechomwa sindano ya steroidi ndani ya goti, isubiriwe miezi 3 ipite.

Uzito: asihangaike kuwa mwembamba. Utafiti wa 2005 ulikuta kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Hesabu hatua za siku moja.

Mkono Mgumu

Habari zenu. Mimi ni miaka 38, dada wa watu, baridi yabisi ya kinga ya mwili tangu nikiwa na 24. Hii si ya kusagika kwa uzee, ni ile ambayo kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani ya viungo. Magoti yote yamekwisha. Mwalimu, hizo 35 kwa 100 zimenitisha. Halafu natumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na sindano ya kila wiki mbili. Je, naziacha zote?

Mnyoosha Viungo

Dada, usiache dawa hata moja kwa kuamua mwenyewe. Miongozo ya madaktari wa viungo iko wazi kwenye hili. Methotreksati huendelea. Ile sindano ya kibaiolojia ndiyo husitishwa, na upasuaji hupangwa baada ya mzunguko wa dozi kuisha, yaani wiki ile ambayo ungechoma tena. Kisha hurudishwa kidonda kikishapona, kwa kawaida kama siku 14. Kama unameza steroidi kila siku, hizo kamwe zisikatwe ghafla, mwili umesahau kutengeneza za kwake.

Na jambo ambalo nakuomba umwambie daktari wa usingizi wewe mwenyewe, hata asipouliza: shingo. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo, na wakati wa kuweka mpira wa kupumulia shingo hukunjwa. Wapige picha ya shingo kwanza. Nimeona watu wakipelekwa theatre bila swali hilo kuulizwa.

Kuhusu umri, ni kweli kijana huweza kurudiwa. Lakini miaka yako kati ya 38 na 60 ni ya kuishi pia. Usikubali mtu akuambie uihifadhi kitandani.

Mkono Mgumu

Ile ya shingo sijawahi kuambiwa. Miaka 14 ya kliniki. Ahsante sana.

Nusu Goti

Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa. Mimi goti langu lililika upande wa ndani tu, mishipa yote ya katikati mizima, nikawekewa nusu goti. Kidonda kifupi, siku ya pili nyumbani, na nalihisi kama langu. Nakunja kuliko Mwalimu, samahani Mwalimu. Upande mbaya wake ni kwamba uwezekano wa kurudiwa upasuaji ni mkubwa zaidi: kwa uchambuzi uleule wa 2019, baada ya miaka 25 yanayobaki ni 70 kati ya 100. Muulizeni daktari wenu kama mnafaa. Baridi yabisi ya kinga ya mwili kwa kawaida haifai, inakula goti zima.

Mwalimu Mstaafu

Usiombe samahani, kunja mwanangu kunja! Mimi tege lilikuwa kubwa mno na goti lilikuwa halinyooki, wakasema nusu haitatosha. Ni moja ya bei niliyolipa kwa kusubiri.

Njia Panda

Ndugu zangu, mimi nimeshauriwa nisafishwe goti kwa kamera kwanza, matundu mawili madogo, takataka zitolewe, halafu niendelee na vidonge vya glukosamini. Nina 59, picha inaonyesha kusagika kwa kati. Nianzie huko?

Mnyoosha Viungo

Kusafisha goti lililosagika kwa kamera kulipimwa vizuri sana mwaka 2002 huko Marekani. Wagonjwa 180 waligawanywa. Wengine walisafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa, hawakuguswa ndani, na hawakujua wako kundi gani. Kwa miaka 2 waliyofuatiliwa, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanwa ngozi. Kwa goti linalokwama ghafla kwa kipande kilichokatika ni habari nyingine, ila kwa kusagika kwenyewe, hifadhi fedha zako. Glukosamini nayo ilipimwa kwa jaribio kubwa lililotolewa 2006, na kwa wagonjwa wote kwa pamoja haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Kwa kusagika kwa kati anza na mazoezi ya kweli, yenye usimamizi, wiki 12, na uzito. Mwaka 2015 huko Denmark walichukua watu 100 waliokuwa tayari wanafaa kubadilishiwa goti. Wote walipewa mazoezi, ushauri wa chakula, soli za viatu na dawa, lakini nusu yao walibadilishiwa goti kwanza. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi. Ila katika wale 50 wasiopasuliwa, ni 13 tu waliokwenda kwenye kisu ndani ya mwaka. Na matatizo makubwa yalikuwa 24 kwa kundi la kisu, 6 kwa jingine. Mimi hutoa habari zote mbili kwa mgonjwa, achague akijua.

Mwalimu Mstaafu

Na hapo ndipo nilipochelewa mimi. Niliposema "sijakubali kisu" nilidhani nimechagua kitu, kumbe sikuwa nimechagua hata mazoezi. Nilikuwa nameza dawa na kusubiri. Njia Panda, hizo wiki 12 zifanye kana kwamba ni upasuaji. Ukifaulu, umeponea. Ukishindwa, utaingia theatre na paja ambalo mimi sikuwa nalo.

Watu wananiuliza faragha nilijuaje kwamba wakati umefika. Picha haikuniambia. Kuna watu wana picha mbaya kuliko yangu na wanatembea. Nilikaa nikaandika vitu nilivyoacha kufanya kwa sababu ya goti, mwaka baada ya mwaka. Karatasi ikajaa mbele na nyuma. Cha mwisho nilichoandika ni kwamba nilikataa kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, kwa sababu nyumba ina ngazi.

Wa Kando ya Kitanda

Mimi ni mke, siyo mgonjwa. Naandika kwa ajili ya wanaouguza. Siku ya 11 shavu la mguu la mume wangu lilivimba, likawa gumu, la moto. Yeye akasema ni uvimbe wa kawaida, na kweli goti lote lilikuwa limevimba, ungetofautisha vipi? Nikambana tukarudi hospitali, ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa. Alikuwa ameacha vidonge vya kuzuia damu kuganda siku ya saba kwa sababu alijisikia vizuri. Daktari aliniambia bonge likipanda kwenye mapafu mtu anaweza kuondoka palepale.

Kwa hiyo vidonge vile vimezwe mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, au kifua kikibana, au pumzi ikikatika, msingoje asubuhi. Na kidonda kinachoendelea kutoa majimaji baada ya wiki ya kwanza kirudishwe kwa aliyekishona, msimpe mtu dawa ya vijidudu ya kujinunulia. Inaficha ugonjwa.

Subira Njema

Mwalimu, nimerudi. Tumepata daktari mwingine. Amemlaza mume wangu chali, akaizungusha nyonga kwenda ndani, na mume wangu akapiga kelele akashika goti. Picha ya nyonga imepigwa leo. Imelika. Miaka mitatu tunatazama goti. Bado hatujui itakuwaje, ila tumetoka pale tumeshikana mikono.

Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, nimesoma nikasimama. Mwambie asiache mazoezi ya paja wakati anasubiri.

Kitindamimba

Mwalimu shikamoo. Nilitaka kuleta habari. Sukari ilichukua miezi minne kushuka, ikafika 7.3. Uzito amepunguza kilo 9. Kaka mkubwa ndiye aliyempeleka, yuleyule aliyekataa. Baba amefanyiwa goti la kushoto Jumanne, leo ni siku ya sita, tuko nyumbani. Amekunja 62. Mto aliutoa yeye mwenyewe, akautupa sakafuni, akasema "huo ni wa Mwalimu." Ila mguu wake haulali sawa, kuna upenyo chini ya goti naweza kupitisha mkono. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kunja taulo, liwe duara, uliweke chini ya kisigino, siyo chini ya goti. Goti libaki hewani, lining'inie. Aachie mguu, asikaze. Dakika tano za kwanza ataona kama linapasuka, mshike mkono, muulize habari za ujana wake. Ukifika muda, toa, mpumzishe. Mara nne leo. Kesho pitisha mkono tena, uniandikie.